Gia Ilitoka, Haikutolewa

CHAMA CHA WENYE TEKSI, KITUO CHA AMBANIDIA, ANTANANARIVO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 17 Agosti 2013
Mahali: Karakana ya Chama, nyuma ya kituo
Saa ya kuanza: 3:10 asubuhi

WALIOHUDHURIA
Bw. Rabenandrasana – Mwenyekiti
Bw. Ralaivao – Katibu
Bi Vololomihaja – Mweka Hazina
Bw. Randrianja – Mjumbe wa Madereva
Bw. Razafimahefa – Fundi wa Chama

MWALIKWA
Bi Voahirana – mjane wa marehemu Bw. Solofoniaina, aliyekuwa dereva na mwenye gari namba 17

ASIYEHUDHURIA, KWA UDHURU
Bw. Andriamihaja – yuko Ambatolampy, ambako ukoo wake unafungua kaburi na kuwavika wafu sanda mpya

KUMB. NA. 41/2013: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuomba kwanza aondolewe lawama, kama ilivyo desturi: lawama ya wazee, kwa kuwa anasema mbele yao, lawama ya vijana, kwa kuwa anawatangulia, lawama ya wafu, kwa kuwa wapo na hawajibu. Wote walimwondolea.

Alieleza kwamba kikao kinafanyika karakanani kwa kuwa giaboksi ya gari namba 17 imefunguliwa juu ya meza ya fundi na haifai kuhamishwa. Aliomba radhi kwa baridi na kwa manyunyu yanayopenya kwenye mabati.

Alieleza pia kwamba shauri lililopo linahusu neno moja lililoandikwa katika kumbukumbu zilizopita. Kwa sababu hiyo aliagiza kwamba leo maneno ya wasemaji yaandikwe kama yatakavyotamkwa, bila kusafishwa. Katibu alitoa angalizo kwamba kumbukumbu si mahali pa masimulizi. Angalizo lilipokelewa na agizo lilibaki kama lilivyo.

KUMB. NA. 42/2013: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TAREHE 5 AGOSTI

Katibu alisoma KUMB. NA. 38/2013, neno kwa neno:

"Tarehe 1 Agosti, saa 9:20 alasiri, gari namba 17 likiteremka mlima wa Ambanidia bila abiria, gia ilitolewa na injini ikazimwa. Gari lilishindwa kusimama, likagonga ukuta wa mawe kwenye kona ya bomba la maji. Dereva alifariki papo hapo. Kanuni ya 9 itatumika."

Kwa faida ya mwalikwa, Katibu alisoma pia Kanuni ya 9. Dereva anayetoa gia au kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli ataondolewa namba yake. Nyumba yake haitaweka gari jingine kituoni. Akifa katika kosa hilo, Chama hakitapeleka sanda mazikoni.

Ilithibitishwa kwamba Chama hakikupeleka sanda katika maziko ya tarehe 6 Agosti.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna marekebisho. Bi Voahirana aliomba nafasi ya kusema, akapewa. Alianza kwa kuomba aondolewe lawama kwa kuwa ni mwanamke, ni mdogo kwa umri, na yumo katika siku za msiba. Kabla hajamaliza, Bw. Randrianja alimkatiza: "Lawama imeshaondoka, Mama, imefika Tamatave. Tuambie shida yako." Mwenyekiti alimwonya Bw. Randrianja.

Bi Voahirana alisema: "Shida yangu ni neno 'ilitolewa'. Mume wangu hakutoa gia. Gia ilitoka. Mimi sikusoma sana, lakini kutoa na kutoka najua tofauti yake. Mtoto akitoka nje na mtoto akitolewa nje si habari moja."

Katibu alikiri kwamba tofauti hiyo ipo na kwamba imeelezwa kwa usahihi.

Bw. Randrianja alieleza kwamba tofauti hiyo haimfufui mtu. Alisema: "Sote tunajua Solofo alivyokuwa anashuka. Kama jani. Husikii kitu, unaona gari tu limepita. Na nani hapa hajawahi kuzima? Anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenyekiti aliagiza kwamba swali hilo lichukuliwe kuwa halikuulizwa.

Bi Vololomihaja aliomba iandikwe kwamba mkwe wa Bw. Randrianja ana gari tayari na anasubiri namba kituoni tangu mwezi wa pili. Bw. Randrianja alisema kwamba jambo hilo halihusiani. Liliandikwa.

Mwenyekiti aliweka wazi hoja zilizoifanya Kamati iandike vile tarehe 5 Agosti. Kwanza, gari lilikutwa wenzo wa gia ukiwa katika frii, bila gia yoyote. Pili, ufunguo ulikutwa umezungushwa na injini imezimwa. Alisema kwamba wenzo peke yake usingetosha, kwa kuwa kishindo cha kugonga huweza kuusogeza. Ila ufunguo haujizungushi. Dereva anayezima injini mlimani amekusudia kuteremka bure. Alimweleza mjane kwamba anasikitika, lakini Kamati haiandiki huruma, huandika kilichotokea.

Bi Voahirana alijibu: "Na mimi nataka hichohicho, Baba. Kilichotokea."

KUMB. NA. 43/2013: MPIRA

Bi Voahirana alitoa ndani ya kikapu mfuko wa karatasi aliokabidhiwa na polisi pamoja na kofia ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, wenye upana wa vidole viwili, uliofungwa fundo upande mmoja na kukatika upande wa pili. Uliwekwa mezani, kando ya giaboksi.

Alieleza kwamba ukanda huo aliukata yeye mwenyewe mwezi wa tano, kwa mkasi wake wa kushonea. Marehemu aliufunga kati ya wenzo wa gia na ndoano ya dashibodi, kwa sababu gia namba tatu ilikuwa ikichomoka kila gari lilipoteremka. Alikuwa akiufunga juu ya mlima kabla ya kuanza kushuka, na kuufungua akifika chini.

Alisema: "Mtu anayetaka kutoa gia ataifunga ya nini? Nielezeni, wazee wangu. Mtu anayetaka kuku watoke hafungi banda."

Bw. Randrianja alisema: "Mpira hata mimi naweza kuufunga leo nikaja nao. Maziko yana siku kumi na moja. Siku kumi na moja ni nyingi kwa mkasi."

Bi Voahirana alijibu: "Shemeji Randrianja, tazama ulipokatikia. Umelika, umekuwa mwembamba kama ulimi wa paka. Mkasi hauli hivyo. Unaokula hivyo ni mkono wa mtu anayefunga na kufungua mara sita kwa siku, miezi mitatu. Ukitaka kuwa mwongo wa kumsingizia maiti, kuwa, lakini tumia macho kwanza."

Mwenyekiti aliwaonya wote wawili.

Bi Vololomihaja aliuchukua ukanda, akaunyoosha, akaonyesha kwamba una kiraka chekundu katikati. Aliuliza kiraka hicho ni cha nani. Fundi wa Chama, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, alisema: "Ni changu. Mpira huo ulikuwa wa baiskeli yangu."

KUMB. NA. 44/2013: TAARIFA YA FUNDI KUHUSU GIABOKSI

Mwenyekiti alimtaka Fundi atoe taarifa aliyoagizwa tarehe 5 Agosti. Fundi alisimama. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hajaomba kuondolewa lawama.

Fundi alisema: "Siombi. Lawama nikiomba iondolewe leo, nitakuwa nimewadanganya. Nimekuja nayo, iko hapo mezani."

Iliandikwa kwamba katika miaka ishirini na sita ya Chama hakuna aliyewahi kusema kikaoni bila kuomba kuondolewa lawama. Mwenyekiti hakuzuia.

Fundi alieleza ifuatavyo. Gari namba 17 ni Renault 4 ya mwaka 1978. Giaboksi yake ina gia nne, na kila shafti ya kuchagulia gia ina kijishimo. Juu ya kijishimo hukaa gololi, na juu ya gololi hukaa springi inayoikandamiza. Gololi ikikaa kijishimoni, gia hukaa mahali pake. Springi ikilegea, gololi hupanda, na gari likiteremka kwa kuzuiwa na injini, meno husukumana kwa upande wa pili, gia ikachomoka. Alisema kwamba katika gari jipya hili si tatizo, na katika gari la miaka thelathini na tano ndilo tatizo lenyewe.

Alionyesha mezani: meno ya kuingilia ya gia namba tatu, yaliyolika upande mmoja hadi kuwa na mteremko, kijishimo cha shafti, kilichopanuka, na springi, iliyovunjika vipande viwili. Alieleza kwamba oili iliyomwagwa ilikuwa na kiwango cha kutosha. Ilikuwa na vumbi la chuma, lakini haikuwa na kosa. Marehemu alikuwa akibadilisha oili ya gia kwa wakati, na akipaka grisi penye kustahili grisi. Fundi alisema: "Alilitunza kuliko nilivyolitunza mimi."

Aliendelea kwamba springi iliyovunjika si ya giaboksi. Ni springi ya kitasa cha mlango. Aliiweka mwenyewe mwezi wa nne, kwa kuwa springi za asili hazipatikani, na zile za magari yaliyokatwakatwa huko Isotry zimechoka kuliko zile anazozitoa. Springi ya kitasa ina unene uleule na urefu unaokaribia. Aliipasha moto ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye oili ili iwe ngumu. Alidhani itadumu.

Mwenyekiti aliuliza kama marehemu alirudi kulalamika.

Fundi alijibu: "Mara tatu. Mara ya kwanza mwezi wa tano. Akaniambia, 'Baba, ya tatu inatoka.' Nikamwambia, 'Funga mpira, mwanangu, itakaa.' Nikampa ule wa baiskeli. Mwezi wa saba akaja tena, mara mbili. Akasema, 'Baba, inatoka tena.' Nikamwambia kaza mpira."

Aliulizwa kwa nini hakuifungua giaboksi. Alijibu kwamba kuitoa, kuifungua na kuirudisha ni kazi ya siku mbili. Kwamba mbele yake kulikuwa na magari manne. Na kwamba marehemu hakuwa mtu wa kugombana. "Angepiga kelele kama Randrianja ningemfungulia siku ileile," alisema. "Randrianja alipopiga kelele nilifungua giaboksi yake nikakuta unga wa mbao ndani, ametia ili isilie. Ungetosha kuchemshia chai. Solofo hakutia kitu. Alisema 'ndiyo, Baba', akaondoka."

Bw. Randrianja alikanusha habari ya unga wa mbao. Baadaye alieleza kwamba ulitiwa na mwenye gari wa kwanza.

Bi Voahirana aliuchukua ukanda, akaurudisha ndani ya mfuko.

KUMB. NA. 45/2013: UFUNGUO

Mwenyekiti alikiri kwamba taarifa ya Fundi na ukanda wa mpira vinaonyesha kwamba gia ilichomoka yenyewe. Hata hivyo alisema kwamba hoja ya pili haijajibiwa. Gia inaweza kuchomoka, na dereva huyohuyo akawa amezima injini. Kanuni ya 9 inasema "anayetoa gia au kuzima injini", haisemi "na". Mradi injini ilizimwa, kosa lipo.

Bw. Randrianja aliunga mkono.

Bi Vololomihaja aliomba kumbukumbu zilizopita zisomwe tena. Zilisomwa: "gia ilitolewa na injini ikazimwa." Alimgeukia Katibu akasema: "Mwalimu, mimi nilikaa darasani kwako miaka mitatu, dawati la pili. Ulikuwa unatuchapa kwa kitendo kisicho na mtendaji. 'Dirisha lilivunjwa.' Ulikuwa unasema, na nani? Andika na nani, au usiandike. Sasa mimi nakuuliza. Injini ikazimwa, na nani?"

Katibu aliweka kalamu chini. Bw. Randrianja alicheka, akasema: "Mwalimu kashindwa mtihani." Mwenyekiti alimtaka anyamaze.

Katibu alieleza kwamba injini ilizimwa na Katibu.

Mwenyekiti alimtaka arudie. Alirudia.

Katibu alieleza kwamba nyumba yake iko juu ya kona ya bomba la maji, na kwamba saa 9:20 alasiri ya tarehe 1 Agosti alikuwa barazani. Aliona gari likipita. Hawezi kusema kama injini ilikuwa ikisikika, kwa kuwa masikio yake si ya kutegemewa tena. Alisikia kishindo, akashuka ngazi, akawa wa kwanza kufika. Injini ilikuwa ikinguruma na petroli ilikuwa ikidondoka chini ya gari. Aliingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo kwa kuhofia moto. Kisha watu walifika, na baada ya hapo polisi.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini jambo hilo halikusemwa tarehe 5 Agosti.

Katibu alijibu kwamba hakuulizwa. Mwenyekiti alisema kwamba hilo si jibu la mtu wa umri wake. Katibu alikubali kwamba si jibu.

Alieleza tena, kwa urefu wa kutosha. Kanuni ya 9 aliiandika yeye, miaka kumi na moja iliyopita. Kwa miaka hiyo yote amekaa barazani akitazama magari ya Chama yakipita mbele ya nyumba yake yamezimwa, na amewaandikia madereva barua ambazo hazikujibiwa. Alipoona wenzo umekaa katika frii, alikuwa ameshajua kilichotokea kabla ya kujua. Alihesabu kwamba kwa kuwa gia ilitolewa, habari ya ufunguo ni ndogo, na kuieleza kutaleta maswali. Kwa hiyo aliandika sentensi iliyo sahihi kisarufi.

Bi Vololomihaja alisema: "Basi tuseme ulipata alama zote." Mwenyekiti hakumwonya.

Bi Voahirana alimuuliza Katibu: "Ulifika wa kwanza. Umeandika alifariki papo hapo. Ulimkuta amekufa?"

Katibu alijibu kwamba hakumkuta amekufa. Alikuwa hai kwa muda mfupi. Alipoulizwa muda gani, alisema kwamba haukupimwa. Ni muda wa mtu kushika mkono wa mwenzake na mkono huo kulegea.

Bi Voahirana aliuliza: "Alisema kitu?"

Katibu alieleza kwamba marehemu alisema maneno mawili. Hakuyapeleka kwa familia kwa kuwa aliyaona hayana faida, na tena yangewaumiza.

Bi Voahirana alisema: "Mimi ndiye wa kuumia, Baba. Niumize."

Katibu alisema kwamba maneno hayo yalikuwa: "Imetoka tena."

Manyunyu yalisikika kwenye mabati.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu aliyaelewaje. Katibu alieleza kwamba damu ilikuwa ikitoka kichwani na puani, na kwa kuwa kitenzi hakikutaja jina, alidhani marehemu anasema damu. Sarufi inaruhusu. Damu imetoka, gia imetoka, kiambishi ni kimoja.

Fundi, akiwa ameketi, alisema: "Tena. Damu haitoki tena, Mwalimu. Tena ni maneno yangu na yake."

Katibu alikubali kwamba neno "tena" lilipaswa kumzindua; kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili angeuliza "lini mara ya kwanza?", na kwamba yeye hakuuliza.

Bi Voahirana alijifunika uso kwa shuka. Baadaye alisema, si kwa Kamati: "Alikuwa anamwambia fundi. Alidhani aliyekuja ni fundi."

Fundi alitoka nje. Iliandikwa kwamba alitoka bila ruhusa na alirudi baada ya robo saa. Hakuulizwa.

KUMB. NA. 46/2013: MAREKEBISHO

Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba KUMB. NA. 38/2013 ifutwe, na mahali pake pasomeke hivi:

"Tarehe 1 Agosti, saa 9:20 alasiri, gari namba 17 likiteremka mlima wa Ambanidia katika gia namba tatu, mpira uliokuwa ukishikilia wenzo ulikatika na gia ikatoka. Springi ilikuwa ya kitasa. Iliwekwa na Fundi wa Chama, ambaye aliarifiwa mara tatu. Gari halikuzuilika kwa breki peke yake, likagonga ukuta wa mawe kwenye kona ya bomba la maji. Injini ilizimwa na Katibu. Dereva alisema, 'Imetoka tena,' akafariki. Kanuni ya 9 haihusiki."

Katibu aliagizwa aisome kwa sauti mara mbili. Aliisoma.

Namba 17 itabaki kwa Bi Voahirana. Bw. Randrianja hakupinga.

KUMB. NA. 47/2013: MAGARI MENGINE

Mwenyekiti alimuuliza Fundi ni magari mangapi ya Chama yamewekewa springi za kitasa. Fundi alijibu kwamba alinunua vitasa vinne sokoni, na kila kitasa kina springi mbili. Moja ni hiyo iliyovunjika mezani. Saba zimo barabarani.

Bw. Randrianja aliuliza namba za magari hayo. Alitajiwa: 3, 8, 11, 12, 20, 24 na 31. Gari lake ni namba 11. Gari la Mwenyekiti ni namba 3.

Ilijadiliwa kwamba magari hayo saba yasimamishwe hadi springi za asili zipatikane. Mwenyekiti aliuliza zitapatikana lini. Fundi alijibu kwamba ana shemeji anayejuana na baharia anayekwenda Réunion. Labda mwaka mpya. Bw. Randrianja alisema: "Hadi mwaka mpya tutakula nini, moshi?" Bi Vololomihaja alisema kwamba afadhali moshi kuliko ukuta. Bw. Randrianja alijibu: "Wewe huna watoto watano." Mwenyekiti aliwataka wasijibizane.

Ilipendekezwa kwamba magari hayo yapande milima tu na yasiteremke. Katibu alitoa angalizo kwamba gari lililopanda Ambanidia halina njia nyingine ya kurudi mjini. Pendekezo liliondolewa.

Iliamuliwa kwamba magari saba yafunguliwe moja moja kwa mpangilio wa namba, na kabla ya hapo yasiteremke kwa gia namba tatu bali kwa namba mbili, polepole, mkono mmoja ukishika wenzo. Hakuna aliyeuliza nani atasimamia.

Fundi aliomba kuachishwa kazi. Mwenyekiti alieleza kwamba kutoka Ambanidia hadi Mahamasina hakuna mtu mwingine anayejua giaboksi za magari haya, na waliojua wamekufa au wamekwenda kutengeneza pikipiki. Ombi lilikataliwa. Fundi aliuliza adhabu yake ni ipi. Mwenyekiti alisema: "Kesho asubuhi uanze na namba 3."

Fundi alisema: "Afadhali mngenifukuza." Iliandikwa.

Katibu naye aliweka nafasi yake mikononi mwa Kamati. Bi Vololomihaja alisema kwamba hakuna mwingine anayeandika Kifaransa cha barua za wizara. Ombi halikujadiliwa zaidi.

KUMB. NA. 48/2013: SANDA

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa kuwa Kanuni ya 9 haihusiki, marehemu alistahili sanda ya Chama na hakupata. Kaburi la ukoo limeshafungwa, na halifunguliwi kwa sababu ya kusahihisha kumbukumbu. Litafunguliwa ukoo utakapowavika wafu wake upya.

Bi Voahirana alisema kwamba kwao hufunguliwa kila baada ya miaka saba, na mwaka huu ndio wa kwanza wa hiyo saba.

Iliamuliwa kwamba sanda inunuliwe sasa, ya hariri, na itunzwe hadi siku hiyo. Mwenyekiti aliuliza nani ataitunza. Bw. Randrianja alisema kwamba karakanani kuna panya. Bi Vololomihaja alisema kwamba kwake kuna watoto wa dada yake. Katibu alisema kwamba kwake hakuna panya wala watoto, na ana kasha la kafuri. Mwenyekiti alimuuliza mjane kama anaridhia.

Bi Voahirana alimtazama Katibu, akauliza: "Una umri gani, Baba?"

Katibu alijibu kwamba ana miaka sabini na tisa.

"Miaka saba ni mingi. Utakuwepo?"

Katibu alijibu: "Itakuwepo."

Bi Voahirana alitaka kujua ni nini kitakachokuwepo, kwa kuwa kitenzi hakikutaja jina.

Katibu alisema: "Sanda. Sanda itakuwepo."

Bi Voahirana aliridhia.

KUMB. NA. 49/2013: KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine, Mwenyekiti alifunga kikao saa 5:40 asubuhi. Aliwashukuru wajumbe, akaomba aondolewe lawama kwa yaliyosemwa na kwa yaliyosahaulika. Bi Voahirana alikuwa ameshatoka, na kwa hiyo lawama iliondolewa na waliobaki.

Mwenyekiti na Bw. Randrianja waliondoka kwa magari yao, namba 3 na namba 11, kwa kuteremka. Katibu, aliyebaki mlangoni akifunga daftari, hakusikia injini. Inakumbushwa kwamba masikio yake si ya kutegemewa.

Zimethibitishwa kuwa kweli:

................................
Rabenandrasana
Mwenyekiti

................................
Ralaivao
Katibu
Zimeandikwa na yeye mwenyewe